Jumbe wa Siku ya Chumvi

Miaka yote niliyomjua, Jumbe hakuwa jumbe. Cheo chake kilikuwa kimeshachukuliwa kabla sijavunja ungo, na jumbe wa serikali alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyekaa ng'ambo ya bonde katika nyumba ya bati. Lakini ukifika kijijini kwetu, kati ya Maneromango na Marui, ukauliza kwa Jumbe ni wapi, mtu yeyote angekupeleka kwa mzee yule mrefu aliyejenga karibu na njia panda. Yule wa nyumba ya bati tulimwita kwa jina lake tu, na nadhani lilimuuma.

Mimi nilimwita mjomba. Mama yangu alimwita kaka, ingawa hawakuchangia tumbo wala ukoo. Kwetu sisi mjomba si neno la kupeana ovyo. Mjomba ndiye anayekuoza, na ndiye anayesimama shauri likikufika. Yote hayo Jumbe alinifanyia. Nilipoolewa Masaki alikaa mbele kwenye mkeka wa wakwe, na nilipoachwa ni yeye aliyekuja kunichukua. Tulitembea kutwa nzima. Hakuniuliza nimefanya nini wala nimefanyiwa nini. Tulipofika nyumbani alimwambia mama, "Huyu amerudi, mpe uji," akaenda zake.

Alikuwa na mwendo wa kunyooka, kama mtu aliyebeba kitu kichwani. Akikaa barazani kwake, kiti alikielekeza barabarani. Hata mkimzunguka kwa maongezi, macho yake yalikuwa yanawapita kutazama nani anakuja. Akikasirika sana hakutukana. Alihesabu Kijerumani, taratibu, aini, swai, drai, na watoto walijua kwamba akifika mwisho wa hesabu anainuka na fimbo. Sikumbuki hata mara moja alipofika mwisho.

Watu waliendelea kumpelekea mashauri yao, mpaka wa mashamba, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, mume aliyehama. Alikuwa na tabia ya kumwacha kila mtu aseme mpaka aishiwe, kisha anauliza swali moja dogo ambalo hakuna aliyelitegemea. Serikali hakuipenda. Mtu akisema mbele yake kwamba serikali imefanya hivi au vile, yeye aliuliza, "Serikali ipi? Ile ya mwanzo au hii?" Tulicheka. Lakini gari la Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, likipita barabarani kutoka boma la Kisarawe, Jumbe yuleyule alikuwa wa kwanza kusimama, akavua kofia na kuishika kifuani mpaka vumbi litue. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawavulia kofia watu anaowasema. Alijibu kwamba amesimama chini ya bendera mbili, na zote mbili zilimfundisha jambo hilohilo moja.

Vijana walimpenda kwa sababu ya siku ile ya baraza. Vita vya pili vilikuwa vimepamba moto huko vinakopiganwa, na serikali ilikuwa inatafuta watu, wengine wa mashamba ya mkonge, wengine wa jeshi. Bwana Shauri alikuja na askari wachache, watu wakaitwa, akasimama kueleza. Kazi ni ya muda mfupi. Chakula kipo, blanketi lipo, kila mtu atarudi kwao. Mkalimani alikuwa hajamaliza kutafsiri wakati Jumbe alipoinuka kutoka nyuma. Safari hii hakuvua kofia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza maji:

"Wanangu, maneno haya nimeshawahi kuyasikia. Kimbieni."

Wakakimbia. Nilikuwa upande wa wanawake, nikaona mihogo ikitikisika huku na huku kama imeingiliwa na nguruwe. Waliobaki pale ni wazee, sisi wanawake, na Jumbe, aliyekuwa amesharudi kukaa. Walimfunga kamba wakampeleka Kisarawe. Aliporudi amekonda, wanawake walimpokea kwa vigelegele, na yeye akasema tu kwamba kule uji wanapika vibaya.

Wenye umri walijua kwa nini alisema vile. Ilikuwa ni kwa ajili ya siku ya chumvi.

Ile siku mimi naikumbuka kidogo tu, mengine nimesimuliwa na mama. Vilikuwa vita vya kwanza. Mjerumani alikuwa ameshasukumwa kusini kuelekea Rufiji, na Mwingereza alikuwa ameshaingia Dar es Salaam, lakini huku kwetu hakuna aliyejua serikali ni ipi. Leo wanapita hawa, wanachukua kuku. Kesho wanapita wale, wanauliza nani aliyewapa hawa kuku. Jumbe alikuwa amewekwa na Wajerumani, na Waingereza walipokuja walimwacha palepale, wakamwambia kazi ni ileile. Kazi yenyewe kubwa ilikuwa kutafuta wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Wanaume walikuwa wameshasikia habari za waliokwenda, kwa hiyo walihamia msituni, wakawa wanakuja nyumbani kula kwa kujificha.

Na chumvi ilikuwa hakuna. Tulikuwa tunachuja majivu ya majani, na mboga ilikuwa chungu mpaka watoto tunalia. Ndipo Jumbe akapeleka habari kila nyumba kwamba serikali mpya imeleta chumvi, itagawiwa uwanjani kwake, na kila mwenye nyumba aje mwenyewe kuchukua, kwa sababu mwanamke hapewi.

Baba alisugua kibuyu kwa mchanga, akakianika juani. Alipokuwa anatoka alimwambia mama, "Mboga usiipike mpaka nirudi." Hilo nalikumbuka mwenyewe.

Mtoto wa Jumbe, mwanawe wa pekee wa kiume, kijana mwenye ndevu za kwanza, ndiye aliyesimama mbele ya mstari. Wanaume walipojaa uwanjani askari wakatokea pande zote. Wanawake walipofika mbio walikuta vibuyu na vifuu vimetapakaa, na Jumbe amekaa chini mavumbini, kanzu imechanika begani. Alikuwa ameparamia askari ili amnyang'anye mwanawe. Walimpiga kitako cha bunduki, wakaondoka na wote.

Katika wote hao alirudi mmoja, miguu imemwoza. Alisema wengi walikufa kwa kuhara huko Rufiji, na kwamba alimwona baba yangu kwa macho yake akifukiwa. Alisema pia kwamba alimwacha mtoto wa Jumbe mgonjwa kando ya njia.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini mama alimwita kaka. Kulikuwa na watu waliomlaumu mwanzoni, kwamba ndiye aliyewaita wenzake. Mama aliwajibu wote kwa maneno mamoja: "Na yeye kafiwa kama sisi. Amedanganywa kama sisi." Nani angetia shaka? Mtu hampeleki mwanawe mwenyewe mtegoni. Baada ya miaka, maneno yaliisha. Ikabaki kwamba Waingereza walituhadaa, na wa kwanza kuhadaiwa ni Jumbe.

Mama alikaa muda mrefu si mke wala si mjane. Hakuna aliyethubutu kumwambia aketi eda, kwa kuwa hakukuwa na maiti wala barua. Ni Jumbe aliyelishughulikia. Alimchukua yule mtu mmoja aliyerudi, ambaye alikuwa hawezi tena kutembea, akakodi vijana wambebe kwa machela mpaka Kisarawe, akatoe ushahidi mbele ya kadhi. Mama akakaa eda ya mume aliyekufa zamani. Alipotoka, Jumbe alimletea doti ya kanga na miche ya mikorosho, akaipanda mwenyewe nyuma ya nyumba yetu. Nyumba zote zilizopoteza mtu alizipandia mikorosho. Tulidhani ni wema tu.

Vita vilipokwisha na Waingereza wakatulia, waliamua kupanga upya wakubwa wa vijiji. Jumbe aliitwa bomani akaambiwa kwamba watu waliowekwa na Wajerumani hawahitajiki tena. Nafasi yake alipewa mtu aliyekuwa mpishi wa maofisa wao wakati wa vita. Jumbe aliomba kuonana na yule ofisa aliyefanya naye kazi wakati wa vita. Akaambiwa amesharudi Ulaya.

"Alinipa mkono," Jumbe alimwambia ofisa mpya.

"Huo ni mkono wake," mkalimani akamtafsiria jibu. "Huyu hakukupa mkono."

Hadithi hii aliisimulia mara nyingi sana, na kila mara alikuwa ananyoosha mkono wake wa kulia na kuutazama. Alinipa mkono. Tulidhani anaongelea ujumbe, kwamba aliahidiwa kubaki na cheo. Hatukuuliza kama kulikuwa na ahadi nyingine. Sisi nasi tulikuwa tumeshanyang'anywa vya kutosha, mtu akisema serikali imemwahidi ikamgeuka, tunaitikia bila kudadisi.

Sharti niseme na woga wake, maana mtu yule aliyewaambia vijana wakimbie mbele ya bunduki alikuwa na woga mkubwa. Miaka michache kabla ya vita vya pili, palizagaa maneno kwamba Tanganyika itarudishwa kwa Mjerumani. Yalitoka mjini, yakafika kwa wauza duka, yakafika visimani. Wengine walifurahi kwa kuwachukia Waingereza, wengine walisema afadhali unayemjua. Jumbe alihama nyumba. Alikwenda kuishi katika kibanda cha shambani, katikati ya mikorosho, na moto akawa hawashi mchana ili moshi usionekane. Mama alimpelekea chakula kule.

"Kaka, unaogopa nini? Wewe ulikuwa mtu wao."

"Ndiyo hivyo," alijibu. "Nilikuwa mtu wao, nikawaonyesha Waingereza walipoficha nafaka yao. Wakirudi wataniuliza."

Mama alicheka, akatusimulia nyumbani, nasi tukacheka. Maneno yale yakafa, Mjerumani hakurudi, na Jumbe akarudi barazani kwake, kiti kikaelekea barabarani kama kawaida.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Jumbe alikuwa anakuja kila asubuhi na kukaa mlangoni. Hawakuwa na maongezi mengi. Siku moja mama aliniita karibu akaniusia mambo mawili, nisiuze shamba, na nisiache kumpelekea kaka yake chakula maadamu nina nguvu za kupika. "Hana mtu," alisema. "Mwanawe angekuwepo nisingekubebesha mzigo huu." Jumbe alisikia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Alifunika uso kwa kofia yake. Siku ya maziko alilia kuliko mimi.

Nikapika miaka yote ile, yeye akazidi kuzeeka.

Kisha wakaja vijana wa chama. Hizo ni siku zile walipoanza kupita vijijini na kadi, wakisema kwamba Mwingereza naye ataondoka, na safari hii hatakuja mwingine. Walikuwa na mkutano mkubwa Kisarawe, na walikuwa wamesikia habari za mzee aliyewaambia watu wakimbie. Walikaa barazani kwake wakiwa wamevaa mashati meupe, wakamsalimia kwa adabu kila mmoja kwa zamu yake. Walimtaka akae mbele mkutanoni, na watu wakishajaa asimame aeleze jinsi wazungu walivyowahadaa kwa chumvi wakamchukua mwanawe wa pekee. Wangekuja kumchukua kwa gari. Jumbe aliwaambia atafikiri.

Alasiri ya kesho yake nilimpelekea ugali na kisamvu. Nilimkuta amekaa ndani, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliniambia nikae.

"Wanataka niwaeleze siku ya chumvi."

"Waeleze, mjomba. Nani anaijua kuliko wewe?"

"Ndiyo tabu yenyewe," alisema. "Naijua."

Nilidhani ni uchungu wa mwanawe.

"Yule mzungu ofisa wa wakati wa vita aliniambia anataka watu. Nikamwambia watu wako msituni, hata nikiwaita hawatoki. Akaniuliza, watatoka kwa kitu gani? Nikamwambia, chumvi."

Ilinichukua muda kuelewa. "Wewe ndiye uliyesema chumvi?"

"Mimi."

"Ulijua wanakuja kushikwa?"

"Nilijua." Alikuwa anaongea kwa sauti ileile ya kuamulia mashauri. "Akaniuliza, na wakitia shaka? Nikamwambia, wakimwona mwanangu mbele hawatatia shaka. Na kweli, walikuwa wanachungulia kutoka kwenye mihogo. Walipomwona yeye amesimama na kibuyu, wakatoka. Baba yako alikuwa wa mwanzomwanzo. Tulikubaliana mwanangu ashikwe pamoja na wenzake ili watu wasielewe, kisha wakifika mtoni wamwachie arudi. Mzungu akanipa mkono. Basi pale uwanjani nikasikia askari wanaambiana kwamba huyu mwenye nguvu atabeba risasi. Nikajua hawamwachii. Ndipo nilipowaparamia."

Miaka yote hiyo kanzu iliyochanika ndiyo iliyokuwa ushahidi wa mama.

"Ungekataa wangekufanya nini?"

"Walisema watachoma kijiji. Sijui kama wangechoma. Nimekaa miaka yote hii najiambia wangechoma. Na nilitaka kubaki jumbe. Hilo nalo lilikuwepo."

"Lile neno ulilowaambia vijana mbele ya Bwana Shauri," nilisema, "ungeweza kuwaambia baba zao."

"Ningeweza."

Nilisikia kuku wanaparura nje. Nikamuuliza kitu kimoja tu nilichotaka kukijua.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Mlikaa pamoja maisha mazima. Alikuita kaka. Kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa nakuja na nia hiyo. Mara nyingi nilikuja na nia hiyo. Nafika, namkuta ameshaniwekea chakula."

Niliinuka. Yeye alinyoosha mkono kama anayetaka kunizuia, kisha akaurudisha.

"Wa siku ile umebaki wewe peke yako," alisema. "Wengine wamekufa, na wengine wamehama. Nataka uniambie umenisamehe, nikifa nife nimesikia."

"Umeniambia ili nikusamehe, au ili upate kulala?"

Alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiria swali. "Yote mawili," akasema.

Nilichukua ugali wangu na kisamvu changu, nikarudi navyo nyumbani. Niliwamwagia kuku. Nilikaa jikoni nikikumbuka jinsi mama alivyogombana na watu kwa ajili yake, jinsi alivyokuwa akimchagulia kipande cha samaki kisicho na miiba, na nikaona kwamba mama yangu alihadaiwa mara mbili, na mara ya pili ilichukua maisha yake yote.

Kesho yake nilipika tena nikampelekea. Niliusiwa, na aliyeniusia hayupo wa kunifungua. Lakini niliweka sahani mlangoni nikaondoka, na tangu siku ile sikumwita mjomba tena. Yeye hakuniuliza lile neno mara ya pili. Mkutanoni hakwenda. Gari lilipokuja alisema anaumwa, na vijana wakampa pole, wakaenda kumsimulia wenyewe kwa watu, kwa namna walivyoijua habari yake. Nilisikia kwamba wengi walilia.

Mvua za vuli zilipoanza alikuwa anaumwa kweli, na kabla hazijaisha akafariki. Watu walikuja kutoka Maneromango, kutoka Marui, na vijana wa chama walikuja na gari lao. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wengine, karibu na mlango, nilikowekwa kama mwenye msiba. Alipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, jeneza likawekwa uani, na shehe akasimama kusema maneno yanayosemwa. Aliuliza kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze aseme, na kama hayupo, basi wote waliohudhuria wamsamehe.

Wanaume waliitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe. Ilikuwa sauti kubwa, ya moyo mweupe, na wengi wa wenye sauti hiyo walikuwa hawajazaliwa baba yangu alipochukuliwa. Kisha wanawake mle ndani wakaitikia nao, na walipomaliza waligeuka kunitazama, wakingoja mpwa wa marehemu aseme. Nilitazama chini. Walingoja mpaka wakachoka, na huko nje wanaume wakaliinua jeneza.